Urasimu na faili isiyojibu

Mwezi uliopita alinijia nyumbani mjane wa mwalimu aliyenifunza kusoma. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka kijijini kwetu, magharibi mwa Kenya, na kwapani alibana bahasha ya kaki iliyochakaa pembe zote. Baada ya chai alizitandaza karatasi zake mezani moja baada ya nyingine: nakala ya kitambulisho cha marehemu, cheti cha kifo, cheti cha ndoa kutoka kanisani, barua ya chifu, na hati mbili za kiapo alizoapa mbele ya mawakili wawili, kila mmoja kwa malipo yake. "Mwanangu," akaniambia, "nasikia wewe umesomea maneno. Basi waeleze watu wa afisi kwamba mume wangu alikuwa mtu mmoja."

Hitilafu yenyewe ni herufi moja. Katika kitambulisho jina la ukoo la marehemu limeandikwa kwa l; katika cheti cha ndoa limeandikwa kwa r. Kwa mujibu wa afisi inayoshughulikia haki zake, ambayo sitaitaja, mtu wa l ndiye aliyekuwa mwalimu na ndiye aliyefariki, na mtu wa r ndiye aliyeoa. Kwa hivyo mama huyu ni mjane wa mtu ambaye hakuwahi kufundisha, na mwalimu aliyekufa hakuacha mjane. Huu ni mwaka wa tatu fedha za marehemu zimekwama hapo.

Kwa mwanaisimu jambo hili halina muujiza wowote. Katika lugha kadhaa za Kibantu za eneo la Ziwa, l na r si fonimu mbili bali ni sura mbili za fonimu moja, na mzungumzaji hana haja ya kuzitofautisha, kama vile Mswahili asivyokuwa na haja ya kutofautisha namna mbalimbali Mwingereza anavyoitamka t yake. Karani aliyeandika cheti cha ndoa aliandika alichosikia, na aliyeandika kitambulisho aliandika alichosikia yeye. Wote wawili walikuwa sahihi. Gikuyu nayo ina irabu saba ilhali alfabeti ya Kirumi ina herufi tano za irabu; zile mbili zilizozidi huandikwa kwa alama ya kiwimbi juu ya i na u, alama ambayo mashine za taipu za afisini hazikuwa nayo, na ndiyo maana jina lilelile huweza kuwa na e katika cheti cha kuzaliwa na i katika cheti cha shule. Pwani tunao akina Athman, Othman na Uthman, ambao huenda wote ni mtu mmoja aliyepitia madawati matatu.

Ingekuwa rahisi kutoka hapa moja kwa moja hadi kuulaani urasimu, kama wafanyavyo wanasiasa wetu kila wanapoomba kura. Sitafanya hivyo. Huenda likamuudhi msomaji, lakini mimi si adui wa urasimu, na nitasema kwa nini.

Hebu tulitazame neno lenyewe kwanza. Wafaransa wa karne ya 18 walichukua neno lao la meza ya kuandikia wakaliunga na neno la Kigiriki lenye maana ya mamlaka, wakapata utawala wa meza. Sisi tulikwenda kwenye Kiarabu, kwenye rasm, ambalo ni mchoro, alama au andiko, na ndiko tulikopata rasmi na rasimu. Katika Kiarabu cha leo wingi wake, rusum, hutumika pia kwa maana ya ada na ushuru, jambo ambalo mtu yeyote aliyepanga foleni katika afisi zetu hatalistaajabia. Wako pia wanaoandika ukiritimba wanapokusudia urasimu. Wanafunzi wangu huwakosoa, kwani ukiritimba ni hali ya mmoja kuhodhi biashara au huduma peke yake. Mimi huwaambia wasiharakishe kucheka, maana anayehodhi muhuri amehodhi huduma.

Na tazama jamaa za neno hili. Serikali na muhuri ni maneno ya Kiajemi, cheti kimetoka Bara Hindi, faili imeletwa na Mwingereza. Neno diwani nalo lilikuwa daftari la dola kabla ya kuwa kiongozi wa mji wa Waswahili, mkusanyiko wa mashairi, na mwishowe mwakilishi wa wadi. Karatasi si ngeni kwetu. Wafanyabiashara wa pwani waliandika hesabu na barua zao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya afisi ya mkuu wa wilaya kujengwa. Tofauti ni kwamba barua ile iliwaunganisha watu wawili waliojuana, na kila mmoja aliweza kuisoma.

Max Weber, msomi wa Kijerumani ambaye kitabu chake Wirtschaft und Gesellschaft kilichapishwa mwaka 1922, miaka miwili baada ya kifo chake, ndiye aliyeueleza mpangilio huu kwa ukamilifu kuliko wengine. Mamlaka, kwa maelezo yake, huwa ya cheo, si ya mtu. Kazi hutolewa kwa ujuzi uliothibitishwa. Uamuzi hufuata kanuni zilizoandikwa na huhifadhiwa katika maandishi. Mali ya afisi hutengwa na mali ya nyumbani kwa afisa. Ukiyasoma haya polepole utaona kwamba kila moja ni kinga ya mnyonge. Asiye na mjomba serikalini ndiye anayehitaji kanuni. Mwenye mjomba humpigia simu.

Wachina waliyajua haya mapema. Kwa zaidi ya miaka 1,000, hadi mwaka 1905, waliwateua maafisa wao kwa mitihani ya maandishi, na wakati wa nasaba ya Song walifikia hatua ya kuwaajiri makarani wa kunakili upya kila karatasi ya mtihani ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtoto wa rafiki yake. Sisi walimu tungali katika kazi hiyohiyo. Karatasi ya KCSE husahihishwa mbali na shule ya mtahiniwa, na mwalimu asiyemjua, kwa mwongozo mmoja uliokubaliwa na kikosi kizima. Mwana wa bawabu na mwana wa waziri hupimwa kwa kipimo kimoja siku hiyo, hata kama hawakusoma katika madarasa yanayofanana. Huo ni urasimu, na anayetaka uondolewe atuambie atauweka nani mahali pake.

Uingereza yenyewe ilichelewa. Ripoti ya Northcote na Trevelyan ya mwaka 1854 ndiyo iliyopendekeza kwamba kazi za serikali zitolewe kwa mitihani badala ya kugawiwa jamaa na marafiki wa wakubwa. Msomaji angetaraji kwamba taifa lililokuwa limejifunza hayo lingetuletea mafunzo hayo lilipokuja kututawala. Lilituletea kipande.

Sheria ya kuwasajili wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa kikamilifu baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake, na maandishi ya kila mwajiri kuhusu kazi na ujira wake. Aghalabu aliibeba katika kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kuondoka kazini bila mwajiri kutia sahihi kulikuwa kosa la jinai. Mzungu hakuwa na kipande, wala Mhindi. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, malalamiko dhidi ya kipande yalikuwa miongoni mwa yale yaliyowakusanya watu nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi, ambako wengi walipigwa risasi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mmoja wao.

Katika karatasi ile kila mstari ulimhusu aliyeibeba, na hakuna mstari hata mmoja uliokuwa kwa ajili yake. Ilisema habari zake kwa mwajiri na kwa polisi. Yeye mwenyewe, ambaye mara nyingi hakujua kusoma Kiingereza, hakuwa na haki ya kuuliza ilisema nini wala kuikosoa. Kwa Weber karatasi humfunga afisa. Kwa mkoloni karatasi ilimfunga raia, na afisa akabaki huru. Hadi leo wazee wetu hukiita kitambulisho kipande, nami sidhani kwamba ni kwa kukosa neno jingine.

Baada ya mwaka 1963 tulibadilisha nembo juu ya barua. Mengine mengi yalibaki, na moja likaongezeka: mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilikubali kwamba watumishi wa umma wafanye biashara zao binafsi wakiwa kazini. Hoja zilikuwepo, lakini ule ukuta baina ya afisi na nyumba ulibomolewa kwa ruhusa. Tangu hapo ucheleweshaji ukawa na thamani sokoni. Faili inayokwenda yenyewe haimfaidi mtu.

Sasa nirudi kwenye fani yangu, kwani ndiko mama yule alikonitegemea. Nilimwomba anieleze maneno hasa aliyoambiwa katika safari zake zote. Ana kumbukumbu nzuri. Safari ya kwanza aliambiwa, "Faili haijafika." Ya pili, "Faili inashughulikiwa." Ya tatu, "Faili haionekani." Ya nne, "Jina limekataa." Ya tano, kwa kuwa sasa kuna kompyuta, "Mfumo umekataa."

Msomaji anayefundisha sarufi ataona mara moja kinachotendeka hapa. Hakuna mtu hata mmoja katika sentensi hizo tano. Faili inasafiri kwa miguu yake, inachelewa njiani, inajificha. Jina lina hiari ya kukataa. Kiswahili kimejaaliwa kauli ya kutendeka, ile ya -ka, ambayo hueleza hali bila kumtaja mtenda. Tena haimruhusu kutajwa. Mtu husema "mlango umefungwa na bawabu", lakini hasemi "mlango umefungika na bawabu". Ndiyo maana haionekani, haipatikani, haiwezekani na haijulikani ni vitenzi vipendwavyo sana afisini. Haviachi nafasi ya swali. Kauli ya kutendwa, ile ya -wa, walau huacha mlango wazi kidogo, kwani aliyeambiwa "inashughulikiwa" anaweza kuuliza, "Na nani?" Walakini ni nani mwenye ujasiri wa kuuliza hivyo dirishani, huku watu 50 wakisubiri nyuma yake?

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Maneno yote hayo aliambiwa kwa mdomo, kwa Kiswahili. Katika faili hakuna hata moja lililoandikwa. Kilichoandikwa huko ni Kiingereza, na ni hicho tu kitakachohesabiwa siku ya kesi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Rasmi, msomaji, ni lile neno la andiko. Lakini tumeigawa kazi hii kwa namna ya ajabu: Kiswahili kinamfukuza mtu, Kiingereza kinahifadhi rekodi. "Njoo kesho" haijawahi kuandikwa katika faili yoyote nchini, na kwa hivyo haijawahi kutokea.

Nisijitenge na lawama hizi. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ningali mhadhiri mchanga, alinijia mwanafunzi mmoja ambaye alama zake za somo langu hazikuwa katika orodha. Kila aliyesoma katika vyuo vikuu vyetu vya umma anaijua hadithi ya alama zilizopotea. Nilimwambia, kwa upole na kwa uhakika, "Zitaonekana." Alirudi baada ya mwezi, nikamwambia zinafuatiliwa. Mara ya tatu nilimwelekeza kwenye afisi ya mitihani, nayo ikamrudisha kwangu. Mahafali yakapita bila yeye. Alipokuja mara ya nne aliniambia kwamba shule iliyokuwa imemwekea nafasi ya kufundisha ilikuwa imeajiri mtu mwingine. Jioni ile niliitoa mtoto ya meza yangu nikaimwaga sakafuni. Ukurasa wa pili wa alama za darasa lake ulikuwa humo, chini ya nakala za makala yangu mwenyewe.

Nilipeleka alama, zikaingizwa, akahitimu mwaka uliofuata. Jambo linalonisumbua hadi leo ni fomu. Chuo kilikuwa na fomu ya kurekebisha alama, kurasa mbili, na takriban yote ilimtaka mwanafunzi ajieleze: ulifanya mtihani lini, ulikaa chumba kipi, una ushahidi gani. Hapakuwa na mstari wa mhadhiri kuandika, "Kosa ni langu, na sababu ni hii." Hata kama ningetaka kuungama, fomu haikuwa na pahali. Niliiona hiyo kuwa bahati njema wakati ule.

Wako wanaoamini kwamba kompyuta itatutoa katika hali hii. Si uongo mtupu. Vituo vya Huduma vilivyoanza mwaka 2013 na mtandao wa eCitizen uliozinduliwa mwaka 2014 vimewaondolea wengi safari za bure na foleni za alfajiri, na mtu akilipa hupata risiti yenye namba, si ahadi. Lakini walimu wakuu watakumbuka mfumo wa NEMIS ulivyokuja mwaka 2017. Ili mtoto aingizwe humo alihitaji cheti cha kuzaliwa, na mgao wa fedha za serikali kwa shule ulifuata idadi ya walioingizwa. Mtoto aliketi darasani, akajibu maswali, akala chakula cha mchana na wenzake, lakini mbele ya mfumo hakuwepo. Mwalimu mkuu alimfundisha mtoto ambaye serikali haikumwona, au alimrudisha nyumbani akatafute karatasi. Yule karani wa zamani, kwa ubaya wake wote, angeweza kutazama nje ya dirisha akamwona mtoto.

Na kwa herufi moja mambo ni magumu zaidi. Karani angeweza kusikiliza jina likitamkwa akatambua kwamba l na r hapa ni kitu kimoja. Mashine hulinganisha herufi na herufi, na zisipolingana husema watu ni wawili. Kosa si la mashine. Kosa ni la aliyeipangia kazi bila kumuuliza mtu yeyote anayejua lugha za nchi hii. Daftari lenye nafasi ya tahajia zaidi ya moja za jina si kitu kigumu kulitengeneza. Wakutubi huyaorodhesha majina ya waandishi kwa namna hiyo, na ukilitafuta jina kwa tahajia moja unaelekezwa kwenye nyingine.

Dawa ya hayo mengine imo katika sheria tayari, ila haijulikani sana. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa na afisi kwa haraka, kwa haki na kwa kufuata sheria, na kinaongeza kwamba mtu ambaye haki yake imeathiriwa, au inaelekea kuathiriwa, na uamuzi wa afisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza kifungu hicho inasema kwamba afisa asipotoa sababu, basi katika kesi ya kuupinga uamuzi wake itachukuliwa kwamba hakuwa na sababu nzuri, mpaka athibitishe vingine. Hapo ndipo karatasi inaanza kumfunga afisa. Ningependa walimu wa sekondari waifundishe barua ya namna hiyo pamoja na barua ya kuomba kazi, kwani wanafunzi wao wataandika ile ya kwanza mara nyingi zaidi.

Nasi tuliiandika, mama yule na mimi, pale mezani. Tulieleza habari za l na r katika aya moja, tukataja Kifungu cha 47, tukaomba sababu kwa maandishi, jina na cheo cha afisa aliyeamua. Tuliiandika kwa Kiswahili. Kesho yake nilimsindikiza. Kijana wa dirishani, ambaye alikuwa na adabu, aliisoma yote kisha akasema, "Mzee, hii itabidi mlete ya Kiingereza." Nikamwomba aandike hivyo chini ya barua na atie sahihi. Akaitazama tena, akaenda ndani, akakaa huko kitambo kirefu. Aliporudi aliipiga muhuri barua pamoja na nakala yetu.

Tukiwa kwenye ngazi mama alinipa ile nakala nimsomee muhuri umesema nini. Ulikuwa wa Kiingereza, neno moja na tarehe. Nikamwambia, "Umesema imepokelewa."

"Na nani?" akauliza.

Muhuri ulikuwa na mstari mdogo wa sahihi, nao ulikuwa mtupu. Tukapanda ngazi tena.